Mishale Sita ya Kurudi Nyumbani

9 Januari

Kaka,

Salamu hizi zikukute umevaa soksi, maana baridi ya huko naisikia na ubishi wako naujua. Sisi wazima. Binti yangu muuguzi amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa tunagombana uso kwa uso wakati wa kula, badala ya kuachiana vikaratasi mezani. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimia, na mkasi wa mama bado hajaurudisha. Bati la karakana linavuja pale pale, juu ya benchi lako. Nimeweka ndoo, na ndoo nayo imetoboka.

Sasa kaa chini. Simu sikupiga makusudi. Mara ya mwisho ulinyamaza, nikasikia unavuta kamasi, nikakata kwa sababu sikujua la kufanya. Karatasi haivuti kamasi.

Nilikwenda kwenye ile ofisi ya wanaotaka kurudi. Mama wa dirishani akaniambia kwamba walioondoka mwaka ule wa vurugu wanaruhusiwa kurudi sasa, ila aliyepita miaka sitini lazima awe na mwajiri anayemngoja, kwa barua yenye mhuri. Nikamwambia, kaka yangu ana sabini na moja, nani atamwandika kazi, mochwari? Akacheka. Kanuni haikucheka.

Basi nikaenda chama cha walenga shabaha, ambao mwaka huu ni wa kumi na moja nawatengenezea mishale. Nikamwambia Katibu wao: mnayemjua ni mkia, kichwa kiko ng'ambo. Akasema wanatafuta fundi wa kukaa pale pale, atengeneze kidogo na awafundishe wanachama wao, kwa kuwa mimi kufundisha siwezi, natukana. Akasema hivi: aniletee mishale sita ya mkono wake mwenyewe kabla ya mwisho wa Juni. Kocha ataikagua na kuipiga. Ikiwa mizuri, barua itaandikwa na mhuri utagongwa.

Sita tu, kaka. Zamani ulikuwa unamaliza sita kabla chai haijapoa.

Nijibu upesi. Usifikirie sana, ukifikiria huwa unaharibu.

Ni mimi, Shoto wako


2 Februari

Shoto wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza nimesimama mlangoni na koti mwilini, ya pili nimekaa kitandani, ya tatu kwa sauti, nipate kusikia lugha yetu ikisemwa na mtu mzima humu chumbani. Afya yangu si haba. Jirani wa juu amefuga mbwa mzito. Nasikia kucha zake zikitembea darini kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Utaniwia radhi kwa herufi za mashine. Kalamu za huku zina wino mwepesi.

Uliwahi kuniuliza ninavyoishi, nikakujibu "vizuri". Sasa nitakueleza. Chumba kina dirisha moja, linaloangalia ukuta wa matofali. Ukutani sijapigilia msumari hata mmoja tangu nihamie. Picha zote, ya mama, ya baba amekaa kwenye benchi na kibano mkononi, na ile yako ukiwa huna meno ya mbele, nimezibandika kwa utepe, kwa sababu ninaweza kuondoka wakati wowote na sitaki kumwachia mwenye nyumba matundu.

Kazini ni kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Watu wanakuja kwa saa moja, wanapiga, wanang'oa manyoya ya mishale, wanakwenda zao. Mimi nakaa chumba cha nyuma nikiyarudisha. Gundi hairuhusiwi, ingawa ipo madukani, kwa sababu gundi inataka mshale ulale mpaka kesho yake. Tunatumia utepe mwembamba unaonata pande zote mbili. Unaulaza kwenye mgongo wa unyoya, unabandua karatasi yake, unabandika, kazi imekwisha. Dakika mbili kila mshale. Baba angeingia akaniona, angetoka bila kuaga.

Mishale ya Katibu nitaitengeneza kwa gundi. Hilo usiwe na shaka nalo. Nitumie manyoya ya kwetu ya bata mzinga, ya bawa moja tu. Ukichanganya la kulia na la kushoto mshale utayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Na hebu niambie, bado unazungushia uzi wa kufungia manyoya kinyume, kama mtu anayefungua badala ya kufunga? Baba alikufunga mkono huo wa kushoto kwa kitambaa mwezi mzima, ukaishia kujifunza kutumia meno.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Wakati wowote! Miaka thelathini na moja, na wakati wowote haujafika? Mwenye nyumba wako ana bahati, amepata mpangaji anayeishi kama barua kwenye bahasha.

Huku tuko salama. Binti anasema nina sukari, mimi nasema nina binti. Chumba chako cha karakanani nimekipaka chokaa na kitanda nimekiingiza. Benchi nimelipangusa, na ule msumari uliokuwa ukitundika mishale iliyokataliwa bado upo, nimeuacha.

Manyoya hayo hapo, ishirini na manne, yote ya bawa la kushoto, nimeyachambua mwenyewe mezani mpaka binti akauliza kama tumefungua bucha. Kibano cha baba sikutumii, ni kizito, na kitakungoja.

Utepe wako huo usiufikirie hata ndotoni. Kwanza Kocha anauchukia. Pili, joto la huku linaugeuza uji. Mwaka juzi chama kilinunua mishale ya kiwandani yenye utepe. Baada ya mechi mbili uwanja ulikuwa umejaa manyoya, ungedhani paka amepita. Mtu anayebandika unyoya kwa utepe ndiye yule yule anayemwambia mgeni "karibu" akiwa amesimama mlangoni.

Na mbona unaandika kwa mashine kama serikali? Nilipofungua bahasha nilidhani nimeshitakiwa. Mwandiko wako ndio uliokuwa mzuri kuliko wetu sote. Nunua kalamu.

Uzi nazungusha ninavyozungusha. Haujawahi kufunguka.

Shoto


14 Aprili

Shoto wangu,

Nimechelewa, najua. Yalikuwa mafua, halafu ikawa kazi, halafu ikawa mafua tena. Mbwa wa juu hajambo. Binti yako mwambie amhurumie mama yake, na mama yake ale anachoambiwa.

Kwenye kifurushi hiki kuna mishale saba. Sita ni ya Katibu, wa saba ni wa ziada kama alivyokuwa akifanya baba, kwa ajili ya ajali za njiani. Miti nimeichagua mmoja mmoja, nimeiviringisha juu ya kioo kuhakikisha imenyooka. Nimetumia gundi. Kila unyoya niliushika kwa kidole na kuhesabu hadi sitini kama tulivyofundishwa, wewe ukiruka kutoka arobaini hadi hamsini ukidhani baba hasikii. Kisha nikaiacha ilale, sikuigusa mpaka harufu ya gundi ilipokwisha.

Kalamu nitanunua.

Kuna jambo moja sikuwahi kukuandikia. Ninapopita mbele ya duka la masanduku, hapa kona ya pili, huwa navuka barabara nipite upande wa pili. Wiki iliyopita sikuvuka. Nilisimama nikatazama bei, kama watu wengine.

Kaka yako


30 Mei

Kaka,

Salamu. Sisi wazima.

Mishale imefika. Kifurushi kilikaa wiki tatu kwenye ghala la posta, lile la bati, wakitafuta karatasi fulani, lakini imefika yote mizima. Gundi imeshika. Kazi nzuri, kaka. Kazi nzuri sana.

Sita nimempelekea Katibu jana. Amesema watatuita.

Ule vizuri. Uvae vizuri.

Shoto


21 Juni

Shoto wangu,

Hujawahi kunisifu tangu uzaliwe. Nimeisoma hiyo "kazi nzuri sana" nikageuza karatasi kuangalia kama nyuma umeandika tusi. Hakuna. Basi nimekubali, umezeeka.

Nimemwambia msimamizi wangu atafute mtu. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia, nyumbani. Nilitaka kusema zaidi lakini nilikuta hilo neno peke yake limejaza mdomo. Sanduku nimenunua. Lina magurudumu, fikiria. Tulikimbia na vikapu, nitarudi na magurudumu.

Picha nimezibandua zote. Utepe umetoka bila taabu, ila rangi iliyokuwa chini yake ni nyeupe kuliko ukuta mwingine, kwa hiyo sasa nimezungukwa na madirisha madogo meupe yasiyoonyesha kitu. Silali nikiyatazama kwa huzuni. Nayatazama kama mtu aliyelipa deni.

Kocha amesema nini? Ameipiga kwa umbali gani? Niambie hata neno moja. Na hicho kitanda cha karakana, kichwa kiwe upande wa mlango, kisiwe upande wa ndoo.

Kaka yako


3 Agosti

Shoto,

Salamu nyingi kwako na kwa binti. Natumaini kimya hiki ni cha posta.

Juni imekwisha, na Julai. Msimamizi amepata mtu. Nimemwomba aniache nije mchana kumwelekeza, naye amekubali kwa sababu ni mtu wa heshima.

Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni Katibu, sema pia.

Kaka


19 Agosti

Kaka,

Mimi si mgonjwa. Binti hajambo. Fundi cherehani amerudisha mkasi wa mama, bila kuulizwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtaa mzima una habari.

Nitaandika yote mara moja, usinikatize.

Kifurushi nilikifungua hapa mezani. Manyoya yalikuwa yamebanduka yote. Yalikuwa yananing'inia kwenye uzi tu, kama mabawa ya kuku aliyekanyagwa, na kwenye miti kulikuwa na utepe ulioyeyuka, unang'aa. Nilikaa. Nikasema kwa sauti, kaka yangu amekuwa mvivu huko, na mwongo juu yake. Nilikutukana, kaka, tena kwa jina la utotoni. Kisha nikaushika mmoja wa miti nianze kuusafisha, nikaona chini ya utepe kuna gundi. Ya zamani, iliyokwanguliwa kwa kisu. Mstari wake haukunyooka. Ulikuwa unapanda na kushuka kama njia ya mchwa. Nikaangalia wa pili, ni hivyo hivyo. Yote saba ulijaribu kwa gundi kwanza. Mmoja ulikuwa umejaribiwa mara nne.

Nikaitazama barua yako ya mashine. Sikukuuliza. Hata sasa siulizi.

Nilichokifanya ni hiki. Nilichemsha gundi yangu, nikakata uzi wako, nikasafisha miti sita, nikabandika manyoya upya na kuyashika moja moja. Hadi sitini, kaka, bila kuruka. Kisha nikazungushia uzi. Sikuufikiria uzi. Nilifikiria gundi tu, nilifikiria wewe, na mkono ukafanya kazi yake bila kuniuliza, kama unavyofanya kila siku. Nikakuandikia kwamba imefika mizima. Kwa Katibu nikaingia kifua mbele.

Kocha aliipiga yote. Mitano ilikaa ndani ya duara dogo. Akaichomoa, akaja nayo mezani huku anatabasamu. Akauweka mmoja kando ya mshale wangu wa mwaka jana, akaugeuzageuza kama mtu anayegeuza samaki kikaangoni, na tabasamu likaondoka.

Akasema, "Mama, huu uzi unakwenda kushoto."

Nikasema, "Kwetu sisi sote ni mashoto."

Akasema, "Na fundo nalo mnafunga sawa? Na mkia wa fundo mnaukata kwa meno, nyote?"

Katibu ndiye aliyeona aibu kuliko mimi. Akasema, "Tungekuandika kazi wewe kama tungekutaka wewe. Tulikuomba mkono wake." Faili lilikuwa limeshafunguliwa ofisini, kwa hiyo ilimbidi aandike kwa nini analifunga. Nimekwenda dirishani mara tatu. Yule mama hacheki tena. Jina lako limewekewa alama; walioandikwa kwamba wamedanganya mwajiri hawaombi mara ya pili. Nikamwambia aliyedanganya ni mimi. Akasema faili ni la jina lako, si langu.

Chama sasa kitanunua mishale ya kiwandani, yenye utepe.

Mshale wa saba sijaugusa. Uko kama ulivyofika.

Nilikaa wiki saba na kalamu mkononi. Uliniandikia habari za picha, sanduku, magurudumu. Ningeanzia wapi?

Mdogo wako


15 Septemba

Shoto wangu,

Barua hii naiandika kwa mkono. Isome polepole, na ukifika mahali ambapo herufi zinapanda mlima, zisubiri, zitafika.

Mimi mzima. Mbwa wa juu mzima. Ukumbini nimepewa kazi nyingine. Benchi langu lina mtu mwenye vidole vizuri na haraka nyingi. Mimi nakwenda nyuma ya mbao za shabaha kuokota mishale iliyokosa. Sitaachishwa kazi karibuni, wanakosa sana.

Hukuuliza, nami nitakujibu vivyo hivyo. Ni mkono wa kulia, mwaka wa tatu huu. Hauumi. Daktari alinitajia jina la ugonjwa, nikaliacha pale pale mezani kwake. Kikombe nakishika kwa mikono miwili. Gundi niliijaribu siku kumi na tisa, Shoto. Unaweka unyoya, unakaa vizuri, kidole kinaanza kucheza, unyoya unateleza; unafuta, unaanza. Gundi inataka utulie mpaka sitini. Mimi nafika nane, siku njema kumi na mbili. Utepe hausubiri. Unashika pale ulipogusa, hata kama ulipogusa sipo. Nikajiambia, nikishafika nitasema. Nikishakuwa karakanani, hawatanirudisha kwa ajili ya kidole.

Sasa nikuambie lililonitoa usingizini wiki iliyopita. Nilisoma tena barua yako ya Januari. Katibu alitaka mtu wa kutengeneza kidogo na kufundisha. Kufundisha, Shoto. Kwa kufundisha mkono si lazima; mdomo unatosha, nao ninao, na wewe ungekaa kando yangu ukafanya ninachosema huku unatukana. Kama ningekuandikia Februari kwamba mkono haupo, ungekwenda ukamwambia hivyo hivyo, na pengine angekubali. Nimeliweka hili hapa kwa sababu najua utalifikia mwenyewe, na sitaki ulifikie peke yako.

Kuhusu uzi, usijilaumu. Baba alishindwa kuugeuza mkono huo kwa mwezi mzima. Ungemdanganya Kocha vipi?

Wa saba usiutie gundi. Utundike kwenye ule msumari wangu, penye mishale iliyokataliwa. Chumba mpe binti yako, muuguzi anahitaji mahali pa kulala akitoka zamu. Sanduku nimelisukuma chini ya kitanda. Magurudumu yamesaidia.

Jumapili nilirudisha picha ukutani. Ya mama na yako nimezibandika kwa utepe, nikizilenga kwenye yale madoa meupe. Nilipofika kwa ya baba, utepe ulikuwapo bado, karibu wote. Nikauweka chini, nikaitafuta ile gundi niliyonunua Machi. Niliipaka nyuma ya picha yote, pembe nne na katikati, nikaiweka mahali pake, nikaikandamiza kwa kiganja na uzito wote wa mwili, maana mkono ukiegemea ukuta hautikisiki. Nikahesabu hadi sitini. Sikuruka.

Imeshika. Mwenye nyumba akitaka kuitoa, itatoka na ukuta.

Kaka yako